Kuimba huku unapiga gitaa jukwaani: anza na mkono

Ukitaka kujua kama mtu amezoea kuimba huku anapiga gitaa, usimwangalie mdomo. Mwangalie mkono wa kulia. Kwa anayeanza, mkono hufuata silabi: maneno yakiwa mengi unaharakisha, neno likivutwa unasimama kulisubiri, mwimbaji akivuta pumzi wimbo wote unakatika. Nilipiga hivyo karibu mwaka mzima bila kujijua, mpaka siku nilipojirekodi nikasikia gitaa linachechemea nyuma ya sauti kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Mshika mbili moja humponyoka, na jukwaani humponyoka mbele za watu. Wale tunaowaona wakiimba na kupiga kwa raha hawazingatii vitu viwili kwa pamoja. Wameifundisha mikono kazi yake mpaka haiwahitaji tena, wakabaki na kimoja tu cha kushika, nacho ni wimbo. Hatua hizi zimepangwa kwa kufuata wazo hilo. Nimeandika kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

1. Ufunguo uamuliwe na koo

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kugusa nyuzi. Mtu anajifunza wimbo katika ufunguo (kimo cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake) alioukuta kwenye rekodi, au ule wenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, nyepesi kwa vidole, kisha analilazimisha koo lifike huko. Nyumbani akiwa amekaa atafika. Jukwaani, kwenye wimbo wa saba, koo likiwa limeshachoka, hafiki.

Tafuta noti ya juu kuliko zote katika wimbo. Mara nyingi imejificha kwenye kiitikio. Imba mstari huo mara tano mfululizo bila gitaa, kwa nguvu ile ile utakayotumia mbele ya watu. Kama mara ya tano shingo inakaza na kidevu kinapanda, shusha ufunguo. Ukipata mahali koo linapotulia, ndipo utafute kodi za kuendana napo.

Hapa kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa, inakuokoa. Kila freti, yaani kila kimoja cha vile vyuma vinavyokatiza shingo, inapandisha sauti kwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya sauti kwenye gitaa. Tuseme wimbo uko katika C, kodi zake ni C, F, G na Am, nawe unaona umekupita kwa nusu toni tatu. Ukiushusha hadi A, kodi zitakuwa A, D, E na F#m, na hiyo ya mwisho inataka kulaza kidole kizima juu ya nyuzi. Weka kapo freti ya 2, kisha upige G, C, D na Em. Masikio yatasikia A, vidole vitaendelea na maumbo vinavyoyajua. Wapo wanaoidharau kapo, eti ni ya wanaoanza. Waache. Msikilizaji hahesabu freti. Anasikia tu kama sauti inakabwa au imeachiwa.

2. Lipunguze gitaa

Gitaa linalosindikiza sauti halihitaji kufanya yote linayoweza kufanya. B.B. King, aliyezaliwa mwaka 1925 na kuhesabiwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa gitaa la bluzi, alikiri waziwazi kwamba hawezi kupiga na kuimba kwa wakati mmoja. Aliimba mstari, akanyamaza, gitaa likajibu. Udhaifu huo aliugeuza kuwa mtindo, na watu wakaupenda.

Basi pitia wimbo mzima ukiwa na kalamu. Palipo na maneno, gitaa libaki na kazi ya kushika mpigo na kodi tu. Vikorombwezo vyote, zile noti za kupamba na kuteleza kwenye shingo, vihamishie kwenye nafasi kati ya mstari na mstari. Kodi inayokusumbua ibadilishe: F ya kulaza kidole inaweza kuwa Fmaj7 yenye uzi wa kwanza ulioachwa wazi, na katika nyimbo nyingi hakuna atakayelalamika. Kama mstari fulani una maneno mengi mno, piga kodi mara moja mwanzoni mwa kipimo (kundi moja la mipigo, hapa minne), iache ilie, imba juu yake. Ukimya mfupi wa gitaa humfanya msikilizaji alisogelee neno.

Nakiri kwamba hatua hii inauma. Umehangaika wiki tatu na kipande kizuri cha vidole, halafu unaambiwa ukitoe. Kitunze kwa ajili ya utangulizi wa wimbo, hapo hutakuwa unaimba.

3. Mkono wa kulia usisimame

Hesabu kwa sauti: moja na mbili na tatu na nne na. Mkono ushuke kwenye kila namba, upande kwenye kila "na". Usisimame hata mara moja. Ukitaka kuruka pigo, usiuzuie mkono. Uache upite hewani bila kugusa nyuzi. Hilo ndilo linaloupa mkono mwendo wake wenyewe, usiotegemea mdomo.

Chukua mchapo, yaani mpangilio wa mapigo ya mkono, mmoja unaotumika sana: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Ukiuweka kwenye hesabu, unagusa nyuzi kwenye moja, kwenye mbili na "na" yake, kwenye "na" ya tatu, kisha kwenye nne na "na" yake. Kwenye tatu yenyewe mkono unashuka bila kugusa kitu. Kumbuka hilo pengo la tatu, tutarudi kwake, maana ndilo linalowatoa watu machozi.

Piga mchapo huo kwenye kodi mbili tu, ukibadilisha kila baada ya mipigo minne, na metronomu, chombo kinachogonga mpigo sawasawa, ikiwa kwenye 60 kwa dakika. Utakuchosha. Endelea. Kipimo cha kujua kwamba mikono imeelewa si hisia yako bali mazungumzo: mwambie mtu akuulize maswali ya kawaida, siku yako imekwendaje, unafikiri mvua itanyesha, nawe umjibu sentensi kamili bila mchapo kutetereka. Usipokuwa na mtu, soma gazeti kwa sauti huku unapiga. Kama mkono unajikwaa kila unapofikiria jibu, bado. Usiongeze sauti ya kuimba juu ya mkono ambao haujakuacha huru.

4. Maneno yaingie kidogo kidogo

Anza kwa kuvumisha melodi huku mdomo umefumba. Mvumo hauna silabi, kwa hiyo haushindani na mkono. Kazi yake ni kukuonyesha melodi inapanda na kushuka wapi juu ya kodi. Ukimaliza wimbo wote kwa mvumo bila kukwama, nenda kwenye maneno, lakini usiyaimbe kwanza. Yaseme.

Hapa ndipo inafaa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Weka gitaa chini. Piga paja kwa mkono, chini kwenye namba na juu kwenye "na", useme mstari mmoja kwa mwendo wake wa kuimbwa. Tuchukue mstari wa kubuni: "Nisubiri mlangoni." Una silabi nane, ukikumbuka kwamba "m" ya mlangoni ni silabi kamili. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo nguvu iko kwenye "bi" na kwenye "ngo". Ukizipanga silabi hizi juu ya mipigo ili mkazo uangukie namba zenye nguvu, unapata hivi:

nne: ni
na: su
moja: bi
na: ri
mbili: m
na: la
tatu: ngo
na: ni

Tazama mambo mawili. Kwanza, mstari hauanzi kwenye moja. Unaanza kwenye nne ya kipimo kilichotangulia, na kodi mpya inaingia kwenye "bi", katikati ya neno. Anayeanza hubadilisha kodi pale anapoanza neno, kwenye "ni", kwa sababu akilini mwake mstari mpya na kodi mpya ni kitu kimoja. Gitaa linawahi kwa mpigo mzima, naye anashangaa kwa nini wimbo haufanani na ule anaoujua.

Pili, "ngo" yenye mkazo inaangukia tatu, na tatu katika mchapo wetu ni lile pengo. Mdomo unatoa silabi nzito, mkono unatakiwa upite hewani. Kila kitu mwilini kinataka kuupiga uzi hapo. Ndiyo maana nyimbo za michapo ya aina hii zinawashinda watu ambao kila kimoja peke yake wanakimudu: tatizo halimo kwenye wimbo wala kwenye mchapo, limo kwenye silabi moja ambapo viwili vinavutana.

Dawa yake ni kuitafuta hiyo silabi moja na kuishughulikia yenyewe. Chora mstari wako kama hapo juu, silabi chini ya namba, uzungushie duara kila silabi nzito inayoangukia pengo, na kila kodi inayobadilika katikati ya neno. Wimbo mzima unaweza kuwa na sehemu tatu au nne tu za namna hiyo. Zirudie kwa mwendo wa chini sana, chini ya nusu ya kasi ya kawaida ikibidi: "la-ngo-ni", "la-ngo-ni", mkono ukipita hewani kwenye "ngo", mara ishirini, halafu tena kesho. Kurudia wimbo wote mwanzo hadi mwisho kunafurahisha zaidi, lakini kunakufanya ukosee mahali pale pale mara ishirini na kulizoesha kosa.

Ukishaweza kusema mstari juu ya paja, useme juu ya gitaa lililopigwa kodi moja tu. Kisha kodi zote. Kisha uimbe. Ongeza mstari wa pili pale tu wa kwanza unapopita mara tatu mfululizo. Metronomu ipande kwa hatua ndogo, mipigo minne au mitano kwa dakika kila unapopanda.

Kuhusu pumzi: weka alama ya mkato kwenye karatasi ya maneno pale unapovuta hewa, na uvute pale pale kila siku. Mtu anayeshughulika na kodi ngumu huwa anaishikilia pumzi bila kujua, na mstari unaofuata unakufa njiani.

5. Simama, na uondoe macho kwenye shingo ya gitaa

Wengi hufanya mazoezi wamekaa kitandani, gitaa limelala pajani, macho kwenye freti. Siku ya onyesho wanasimama kwa mara ya kwanza, gitaa linaning'inia chini kuliko walivyozoea, kiwiko cha kushoto hakijui kilipo, na maiki inawataka wainue uso. Tayari wamepewa ala mpya.

Rekebisha mkanda ili ukisimama gitaa likae pale pale linapokaa ukiwa umekaa. Kulishusha hadi magotini kunapendeza kwenye picha, ila kunauvunja mkono wa kushoto na kukuinamisha, na kifua kilichoinama hakina nafasi ya hewa. Walau wiki mbili kabla ya onyesho, mazoezi yote yawe ya kusimama.

Macho nayo. Jifunze kupiga gizani, zima taa kabisa. Mkono wa kushoto una kumbukumbu kuliko unavyoudhania. Pale inapobidi uangalie, tumia vile vidoti vilivyo ubavuni mwa shingo, kwa kawaida kwenye freti za 3, 5, 7, 9 na 12, vinavyoonekana kwa jicho la pembeni bila kugeuza kichwa.

6. Maiki ni ala ya tatu

Mwimbaji asiye na gitaa anaishika maiki na kwenda nayo. Wewe mikono yako ina kazi, kwa hiyo ni kichwa kinachotakiwa kuifuata maiki, na kila unapogeuka kuangalia vidole sauti inatoweka kwenye spika. Hutokea hasa kwenye kodi ngumu, ambazo aghalabu ziko kwenye kiitikio, yaani pale watu wanapotaka kukusikia zaidi.

Omba stendi yenye mkono wa kuvuka, ile inayokuja juu kwa mshazari, ili nguzo yake isimame mbali na gitaa. Nimeshagonga kichwa cha gitaa kwenye nguzo ya stendi katikati ya ubeti, na mlio wake ulimfikia hadi aliyekaa mlangoni. Kimo cha maiki kiwe sawa na mdomo. Ikiwa juu utainyoosha shingo na koo litakaza; ikiwa chini sana utainama. Isogeze kidogo upande wa kushoto, ili ukitupa jicho kwenye shingo ya gitaa midomo ibaki imeielekea.

Umbali ni upana wa vidole viwili au vitatu. Maiki nyingi za jukwaani, kama Shure SM58 ambayo imekuwapo tangu mwaka 1966, zinaongeza uzito wa besi kadiri unavyozikaribia. Kwa hiyo kwenye ubeti wa chinichini karibia, sauti itapata joto. Kwenye noti ya juu rudi nyuma kidogo, ukisogeza mwili wote kuanzia kiunoni badala ya kurusha kichwa. Lifanyie mazoezi hili nyumbani hata kama huna maiki: funga kijiko kwenye kitu chochote kirefu, kiwe mbele ya mdomo. Unaonekana kichekesho, lakini unajifunza.

7. Mitambo, na siku yenyewe

Nyuzi mpya zibadilishwe siku moja au mbili kabla, zivutwevutwe kwa mkono na kutyuniwa mara kadhaa, kwa sababu zikiwa mpya kabisa zinalegea kila baada ya wimbo. Kapo nayo huvuta nyuzi zikapanda kidogo, basi tyuni tena baada ya kuibana. Betri ya gitaa, kama lina kikuza sauti cha ndani, iwe mpya. Kebo ipitishe katikati ya mkanda na mwili wa gitaa kabla ya kuichomeka, ili ukiikanyaga isichomoke.

Spika ya kukurudishia sauti ikae mbele yako. Kwa maiki inayosikia mbele tu, iwe nyuma yake moja kwa moja, mahali ambapo maiki ni kiziwi, la sivyo itapiga ukelele. Gitaa la mbao lenye tundu lina ukelele wake mwingine, wa chini na wenye kuvuma, kwa sababu hewa iliyo ndani ya mwili wake hutetemeka yenyewe karibu na herzi 100. Ukiusikia, geuka kidogo usilielekeze tundu kwenye spika, mwombe fundi mitambo apunguze besi ya gitaa, au ziba tundu kwa kifuniko cha mpira.

Kwenye majaribio, imba na upige wimbo wako wenye kelele kuliko yote. Wengi hunong'ona "moja mbili" na kukwaruza nyuzi kwa upole, fundi anaweka viwango kwa upole huo, halafu onyesho likianza kila kitu kinapasuka. Kwenye ile spika yako omba sauti yako iwe juu ya gitaa. Gitaa unalihisi kifuani na vidoleni hata usipolisikia. Sauti yako usipoisikia utaanza kupiga kelele bila kukusudia, na baada ya nyimbo tatu koo limekwisha.

Wimbo wa kwanza uwe ule unaoweza kuupiga usingizini. Si mzuri kuliko yote, wala mgumu kuliko yote. Moyo unaodunda hukimbiza mwendo, hivyo kabla ya kugusa nyuzi imba kimoyomoyo mstari wa kwanza wa kiitikio. Ubeti unaweza kukudanganya, ukauanza kwa kasi yoyote ukaona sawa, lakini kiitikio kikiwa na kasi isiyo yake ulimi unakataa mara moja. Ukishaupata mwendo wake, hesabu nne, anza.

Karatasi ya maneno sipendi iwe mbele ya uso. Andika neno la kwanza tu la kila ubeti kwa kalamu nene, uilaze sakafuni karibu na stendi.

8. Kimoja kikiponyoka

Kitaponyoka. Maneno yakikutoka, usiache kupiga. Endelea na kodi, vumisha, au rudia ubeti wa kwanza. Msikilizaji asiyeujua wimbo atadhani ndivyo ulivyotungwa. Vidole vikipotea, laza kiganja cha kulia juu ya nyuzi uzinyamazishe na uimbe peke yako mpaka kipimo kipya kianze, kisha ingia kwenye moja. Kilichobaki kimesimama ndicho kinachobeba wimbo, na ukiwa ulifanya hatua ya tatu vizuri, mara nyingi kitakachobaki ni mkono. Usikunje uso wala kuomba radhi.

Uzi ukikatika, maliza wimbo kwa nyuzi tano. Kwenye gitaa la umeme lenye daraja linaloelea, yaani kishikio cha nyuzi kinachoshikiliwa kwa springi, nyuzi nyingine zitapanda papo hapo na gitaa halitafaa. Hapo acha kupiga, imba kiitikio kwa makofi, kisha lichukue gitaa la akiba kama lipo.

Rekodi onyesho lote kwa simu iliyowekwa mbali na spika. Usiisikilize usiku huo huo. Kesho yake keti na ile karatasi ya silabi, na kila gitaa linapochechemea simamisha, andika ni silabi gani. Zitakuwa zile zile mbili tatu. Anza mazoezi yanayofuata na hizo, kwenye paja, bila gitaa.